Kidole cha Nane

Ni mimi niliyekuwa nikikipandisha kile kidole. Nimekana jambo hili kwa mwaka mzima na zaidi: mbele ya kwaya, mbele ya mwenyekiti wa kwaya, mara moja mbele ya paroko, na mara nyingi mbele ya kioo cha kabati langu nyumbani Kizwite, hapa Sumbawanga. Nilipoulizwa kwa upole, nilikana. Nilipoulizwa kwa ukali, nilikasirika, kama wanavyokasirika watu wenye hatia waliosoma. Kikao kilipoitishwa kujadili ni nani anayechezea mashine ya gitaa, mimi ndiye niliyependekeza itengenezewe sanduku lenye kufuli. Pendekezo likapita bila kupingwa. Ufunguo nikapewa mimi, kwa kuwa nimefika chuo kikuu na nina sura ya mtu mwaminifu.

Nieleze kwanza mashine yenyewe, maana wengi mmeisikia bila kuiona. Katika kwaya yetu mimi ndiye mpiga gitaa la solo. Najua inavyoonekana: mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwalimu wa sekondari, mwandishi wa makala za gazetini zinazosomwa na ndugu zake wawili, amesimama kanisani na gitaa la umeme tumboni. Nimezoea kutazamwa. Gitaa hilo peke yake halina sauti ya maana. Waya wake unakwenda kwenye amplifaya, na katikati tumeweka ikwalaiza, kisanduku cheusi chenye vishikio kumi vinavyosukumwa juu na chini. Sisi tunaviita vidole. Kila kidole kinashika sehemu yake ya sauti, kuanzia nzito upande wa kushoto mpaka nyembamba upande wa kulia.

Viwili vya kwanza ni mngurumo unaosikika tumboni kuliko masikioni. Kwa gitaa la solo unavishusha, unawaachia besi na ngoma. Cha nne ni unene: ukikizidisha gitaa linakuwa kama linapigwa ndani ya blanketi, na katika kanisa letu lenye paa la bati unene huo unajaa mpaka maneno ya wimbo yanazama. Cha sita ni sauti ya puani. Cha saba ni pale ukucha unapogusa waya. Cha nane, chenye tarakimu ya elfu nne chini yake, ni makali: kikiwa chini gitaa linanung'unika, kikiwa sawa linaongea, kikizidi linakata. Viwili vya mwisho ni mchirizo tu, kama mafuta kikaangoni.

Aliyenifundisha haya alikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya chuo kikuu, kijana mkimya mwenye viatu vilivyotoboka. Sheria yake ilikuwa moja: shusha kwanza. Gitaa likikosa makali, usikimbilie kupandisha makali. Tafuta unene unaoyafunika, uushushe, na makali yatajitokeza yenyewe. Wanaoanza, alisema, huchora tabasamu: wanapandisha vidole vya pembeni kushoto na kulia, wanashusha vya katikati, wanafurahi wakiwa peke yao, kisha kinanda na ngoma vikiingia gitaa linapotea lote. Mpangilio wetu kanisani ulifuata sheria yake. Kidole cha nne chini kidogo, cha saba juu kidogo, cha nane pale katikati, hakiguswi. Nilitia alama kwa rangi yangu ya kucha, nyekundu. Alama hizo zilidumu miaka mingi, na sheria ile nikaivunja mimi mwenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, kwa mkono huu ninaoandikia.

Ilianzia Muze, au ndivyo nilivyotaka iwe. Tulialikwa kuimba kwenye uzinduzi wa kanisa la kigango kimoja huko bondeni. Tulipanda Fuso, kwaya nzima na vyombo, na sweta zetu za Sumbawanga. Mtu wa huku juu akishuka kuelekea Ziwa Rukwa anajua kitakachompata: barabara inajipinda ukutani mwa milima, joto linapanda, na masikio yanaziba. Mpiga kinanda wetu, ambaye kwa kazi ni fundi cherehani pale Mazwi na kila mtu anamwita Fundi, alipitisha mfuko wa karanga za kukaanga.

"Tafuneni, watu wa baridi! Asiyetafuna ataimba kama redio iliyoisha betri."

Tulitafuna. Masikio yakafunguka moja moja, na kila aliyefunguka alitangaza kama amepata mtoto. "Langu tayari!" "Na langu!" Langu la kushoto likafunguka karibu na daraja. La kulia halikufunguka. Nilipiga misa nzima ya Muze na sikio moja, na watu wakasifu. Kesho yake tukapanda mlima. Halikufunguka. Wiki ikapita.

"Bado bonde limekukaba?" Fundi aliniuliza mazoezini.

"Bado."

"Pole, Mwalimu. Meza mate."

Huku kwetu hakuna anayeuliza zaidi ya hapo. Sikio lililoziba lina maelezo yake, nayo ni bonde. Mtu anaweza kuishi ndani ya maelezo hayo kwa miezi, kwa raha, kama nilivyoishi mimi.

Niliyapenda kwa sababu nilikuwa na maelezo mengine nisiyoyataka. Baba yangu alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi, na katekista. Mwaka mmoja alishuka bondeni kununua mpunga, akarudi na sikio la kulia limeziba. "Bonde," alisema. Tukasema bonde. Miezi kadhaa baadaye akaanza kuyumba, yeye ambaye hakuwahi kugusa pombe, na watu waliomwona njiani wakacheka kwa siri. Kisha kichwa kikaanza kumuuma upande huo, kisha mdomo ukashuka upande huohuo. Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu nilipopelekewa habari ya kifo chake. Hakuna aliyewahi kumpiga picha ya kichwa. Baadhi ya ndugu walisema ametupiwa kitu. Katika mji wetu, uliovuma kwa uchawi, wageni wanayasubiri sana maelezo ya aina hiyo hata nadhani tungewatoza kiingilio. Mama alisema ni ugonjwa, na hajasema zaidi mpaka leo.

Kwa hiyo sikio la kulia lilipobaki limeziba, nilijua la kuogopa. Sikuogopa uziwi. Niliogopa kitu kinachokua ndani ya kichwa, nyuma ya sikio, polepole, kama kilivyokua kwake. Na kwa kuwa niliogopa hivyo, nikaamua kwamba tatizo liko kwenye gitaa.

Gitaa lilikuwa limepoteza makali, ndivyo nilivyojiambia. Amplifaya yetu hukaa juu ya kigoda upande wangu wa kulia, usawa wa kichwa changu, kwa sababu mwenyewe niliomba iwe hapo. Jumapili ya kwanza baada ya Muze nilikipandisha kidole cha nane kwa unene wa ukucha. Gitaa likaamka kidogo. Jumapili iliyofuata nikapandisha tena. Mtu akakirudisha kwenye alama. Nikakipandisha. Kikarudishwa. Ikawa vita vya kimya kati yangu na mtu nisiyemjua, na kabla ya misa kila mtu alipokuwa akitafuta kitabu chake cha nyimbo, mimi nilikuwa nimeinama kama ninayefunga kamba za kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Watu walianza kuhama. Bibi mmoja aliyekaa benchi la pili tangu kanisa lijengwe akahamia la tisa. Watoto wa mafundisho ya komunyo waliziba masikio, wakapigwa makofi ya mgongoni kwa utovu wa nidhamu. Jumapili moja paroko akasimama kabla ya matangazo, akasema, "Tunaomba gitaa litusamehe." Kanisa likacheka. Nami nikacheka, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Hapo ndipo kikao kikaitishwa. Mwenyekiti wa kwaya alitaka kujua ni nani. Waliokaa karibu na mashine ni wawili tu, mimi na Fundi.

"Mwalimu, ni wewe?"

"Mimi? Mimi ndiye niliyeweka alama!"

"Fundi?"

Fundi alinitazama. Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Mimi napiga kinanda," alisema.

"Hilo si jibu," mwenyekiti akasema, na kwa robo saa nzima Fundi alisemwa: kwamba wapiga vinanda wana wivu, kwamba wanataka gitaa lichukiwe, kwamba utumishi si mashindano. Ningeweza kusimamisha jambo lile kwa neno moja. Badala yake nikanyoosha mkono na kupendekeza sanduku lenye kufuli.

Baada ya hapo nilikuwa na ufunguo na uhuru. Lakini lilitokea jambo la ajabu. Kila nilipopandisha kidole cha nane, gitaa lilizidi kufifia. Nikapandisha na cha saba. Nikashusha cha nne mpaka chini kabisa. Ikwalaiza yangu ilionekana kama ngazi inayopanda kwenda kulia, mpangilio ambao ningempa mwanafunzi sifuri, na bado sauti ilikuwa kama inatoka nyuma ya mlango. Niliona pia kwamba Fundi alianza kuvua koti lake kila misa na kulining'iniza mbele ya spika ya gitaa. Ilikuwa Juni. Sumbawanga Juni ni baridi ya kuuma magoti. Nikawaza tu kwamba wanaume wa rika lake huwa na joto lao la ajabu, nikaendelea na dhambi zangu.

Nilienda kanisani Alhamisi moja mchana, peke yangu, kumaliza ubishi. Nilifungua sanduku, nikarudisha vidole vyote kumi katikati, nikaziba sikio la kushoto kwa pamba iliyotiwa mafuta. Nikalielekeza la kulia kwenye spika. Halafu nikapiga waya mwembamba kuliko wote, nikauacha ulie, na kwa mkono mwingine nikaanza kusukuma kidole kimoja kimoja, juu mpaka mwisho na chini mpaka mwisho.

Cha tatu: nilisikia kikija na kuondoka. Cha nne, sawa. Cha tano, sawa. Cha sita, puani, sawa. Cha saba kilibadilika kidogo sana, kama mtu anayeongea akigeuza uso. Cha nane nilikipandisha mpaka juu kabisa. Hakuna. Nikakishusha mpaka chini. Hakuna. Nikapiga waya tena kwa nguvu, nikakipandisha tena, nikikitazama kwa macho ili niamini kwamba kinakwenda. Mkono wangu ulikuwa ukisukuma kitu na hakuna kilichotokea duniani. Nikatoa pamba sikio la kushoto.

Sijui niielezeje sauti ile. Ilikuwa kama bati linakatwa ndani ya meno yangu. Yule mama anayepamba maua altareni alitoka sakristia mbio, vidole masikioni, maua yamebanwa kwapani.

"Mwalimu! Unafukuza popo?"

"Najaribu mashine, mama."

"Basi imekubali! Izime!"

Niliizima. Nikakaa kwenye ngazi ya kwaya. Mama yule akaniletea maji kwenye kikombe cha kumwagilia maua, akidhani ni njaa. Hii ndiyo ilikuwa sauti ambayo watu wangu walikuwa wakivumilia kila Jumapili, na mimi, sikio zima likiwa limeelekea ngoma, sikuisikia. Gitaa halikuwa na tatizo. Waya haukuwa na tatizo. Kilichokosekana kilikosekana ndani yangu, upande wa baba.

Mtu mwenye akili angekwenda hospitali kesho yake. Mimi nilisubiri wiki tano. Nilisoma kwenye simu nikiwa nasimamia mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, wanafunzi wameinama juu ya karatasi zao na mimi juu ya yangu. Nilikuta sababu nyingi za sikio moja kupoteza sauti nyembamba, nyingine za kawaida kabisa. Nikaruka zote mpaka kwenye ile ya uvimbe wa mshipa wa usikivu. Nikasoma dalili: sikio moja, kisha kuyumba, kisha uso. Mwanafunzi wa mbele akanyoosha mkono kuomba karatasi, nikaruka kitini kama nimeitwa na mahakama.

Kuanzia siku hiyo nilijipima. Kila asubuhi nilitembea juu ya mstari wa sakafu, kisigino mbele ya kidole gumba, kutoka kitandani mpaka mlangoni. Nilitabasamu mbele ya kioo kuona kama pande mbili za mdomo zinapanda sawa. Nikijikwaa kwenye jiwe, siku yangu iliisha. Mama, ambaye ninakaa naye, alinikuta asubuhi moja nimesimama kwa mguu mmoja jikoni, macho nimefumba.

"Unafanya nini?"

"Mazoezi."

Alinitazama. Kisha akaniuliza kwa Kifipa, lugha anayoitumia akitaka nisikwepe, ni sikio gani. Nikasema la kulia. Akaweka chini mwiko. Hakulia wala hakuomba. Alikwenda chumbani, akarudi na nauli ya kwenda hospitali ya Mbeya aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kitu kingine ambacho hajawahi kuniambia, akaiweka mezani, akarudi kwenye ugali wake. Wiki hiyohiyo, nakiri, nilikuwa nimeandika makala juu ya uzuri wa ukimya. Ilisifiwa.

Hospitali ya hapa Sumbawanga walinimulika sikio, wakasema hakuna nta wala usaha, wakaniandikia barua. Mbeya nikaingizwa kwenye chumba kidogo kilichofunikwa sponji kuta zote, nikavalishwa vifaa vya masikioni, nikaambiwa nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio, hata uwe mdogo namna gani. Mhudumu alikuwa upande wa pili wa kioo. Tulianza na la kushoto na nilibonyeza kwa furaha, kama mwanafunzi anayejua majibu. Tukahamia la kulia. Milio minene ikaja, nikabonyeza. Kisha kukawa kimya. Nikamwona mhudumu kupitia kioo akigeuza kitu, akinitazama, akigeuza tena. Mimi nilikuwa nasubiri. Nikatambua kwamba yeye alikuwa anapiga milio.

Alitoka na karatasi. Sikuhitaji kuelezwa. Juu yake kulikuwa na tarakimu zilezile zilizoandikwa chini ya vidole vyetu: mia mbili hamsini, mia tano, elfu moja, elfu mbili, elfu nne, elfu nane. Alama za bluu za sikio la kushoto zilikwenda tambarare kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Duara nyekundu za sikio la kulia zilikwenda nazo mpaka elfu moja, zikaanza kuinama kwenye elfu mbili, na kwenye elfu nne zikaporomoka chini kabisa.

"Mama, unafanya kazi kwenye kelele?" daktari aliniuliza. Alikuwa kijana, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni.

Nikamwambia habari za gitaa na kigoda. Alitikisa kichwa, akaandika.

"Inawezekana ni kelele. Tena elfu nne ndipo kelele hupenda kuanzia. Ila kwa upande mmoja tu, na kwa kiasi hiki, siwezi kukuruhusu uondoke hivihivi. Nataka picha ya kichwa. Tuone kama kuna kitu kinachokandamiza mshipa."

"Kitu gani?"

"Uvimbe. Tuone kwanza kama haupo."

Alitamka neno hilo kama mtu anavyosema meza au dirisha. Niliingizwa ndani ya lile pipa la picha siku ya pili yake, nikalala bila kutikisika huku mashine ikigonga kama mtu anayevunja ukuta, na nilichoweza kufikiri ni kwamba milio ile ina cha nne kingi mno. Walisema picha itasomwa na mtaalamu, na daktari atanipigia simu ndani ya siku saba.

Niliporudi sikwenda nyumbani kwanza. Nilikwenda Mazwi, kwenye baraza anaposhonea Fundi. Alikuwa akishona sare za shule, na cherehani yake ilikuwa ikienda.

"Karibu, Mwalimu. Gauni au sketi?"

"Nina jambo la kusema."

"Sema, nasikia. Mguu ndio unafanya kazi, masikio yamepumzika."

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Kidole cha nane."

Hakuacha kukanyaga. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno. "Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Mtu anafunga kamba za ndala kila Jumapili?"

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mwenye ufunguo?"

Akainuka, akaingia ndani, akatoka amebeba lile koti lake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mbuzi. Akaniwekea mapajani. Lilikuwa zito ajabu.

"Mashine ulifunga, spika hukufunga," alisema. "Nikaitundikia koti, makali yapungue watu wasali. Wiki ya pili ukapandisha. Nikatia bitana. Ukapandisha tena. Nikatia bitana ya pili. Baada ya hapo nikashonea sponji ya godoro. Pima mwenyewe. Nimelishona mara tatu koti hili, Mwalimu, na sasa haliingii mkono. Mke wangu ameniuliza kama nimejiunga na jeshi."

Nilicheka, kisha nikashindwa kuacha, kisha haikuwa kicheko tena. Tulikuwa tumeshindana, mimi nikisukuma na yeye akishona, na kila mmoja akiongeza kwa sababu ya mwenzake.

"Uliniacha nikasemwa," alisema, sasa bila mzaha. "Robo saa. Mbele ya sauti ya kwanza."

"Nilikuacha."

"Kwa nini?"

Nikamwambia yote. Sikio, pamba, karatasi yenye duara nyekundu, baba. Fundi alimfahamu baba. Ni yeye aliyemshonea suti ya mwisho, akiwa bado mwanafunzi wa ufundi. Alirudi kuketi kwenye cherehani, ila mguu hakuuweka juu ya pedali, aliuweka chini.

"Majibu lini?"

"Ndani ya siku saba. Kwa simu."

"Siku ya mazoezi kaa na simu yako. Nitakuwepo."

Sitazielezea siku zile. Nilifundisha, nikasahihisha, nikala nilichowekewa. Simu niliiweka mfuko wa sweta na kila ilipotikisika moyo ulikuwa wa kwanza kuipokea. Mtu aliniuzia bima. Mtu aliniambia nimeshinda bahati nasibu. Dada yangu alipiga kuuliza bei ya maharage Sumbawanga na nikamjibu kwa ukali ambao mpaka leo hajauelewa. Jumapili nilimwambia mwenyekiti ukweli, nikamkabidhi ufunguo, nikaomba radhi mbele ya kwaya. Mwimbaji mmoja wa besi akasema, "Sasa turudishe bibi yule benchi la pili." Sikupiga siku hiyo. Nilikaa benchi la tisa, nikasikia kanisa letu kutoka mahali wanapokaa watu.

Simu ilikuja siku ya sita, Jumatano saa kumi na moja jioni, katikati ya mazoezi. Namba ilikuwa ya Mbeya. Niliitoa mfukoni na kidole changu hakikuweza kugusa kioo. Sikio la kushoto lilikuwa zima. Ningesikia kila neno. Nikampa Fundi simu, na si kwa sababu ya sikio. Nilimpa kwa sababu nilitaka habari ile ipite kwa mtu mwingine kwanza.

Alisimama kutoka kwenye kinanda, akaipokea, akatembea mpaka dirishani. Nikamfuata. Nyuma yetu sauti ya tatu ilikuwa inarudia mstari mmoja wa wimbo, wakikosea palepale.

"Ndiyo, daktari. Yupo hapa. Hapana, ni ndugu yake. Ndiyo." Nilimtazama mdomo. "Ndiyo... Ndiyo... Subiri nimwambie hilo kwanza, tafadhali." Akageuka, akanishika bega, akasogea upande wangu wa kushoto. "Anasema hakuna uvimbe."

"Muulize tena."

"Daktari, anasema nikuulize tena. Ndiyo. Anasema ameiangalia yeye, na mtaalamu wa picha ameiangalia. Mshipa uko safi pande zote mbili."

"Na sikio?"

"Na sikio je, daktari?" Alisikiliza muda mrefu. "Anasema kilichoharibika ni ndani ya sikio lenyewe, kwa kelele. Hakitarudi. Amplifaya itoke hapo ilipo leo hii. Ataandika barua upimwe tena baada ya miezi sita."

Nikamwomba simu. Niliishika kwa mikono miwili.

"Daktari, mimi mwenyewe. Baba yangu alianza hivihivi, sikio la kulia, kisha kuyumba, kisha mdomo. Alikuwa na nini?"

"Pole, mama. Hilo siwezi kukuambia. Hakuna picha yake. Ninachoweza kusema ni cha kwako."

"Basi niambie tena cha kwangu."

"Hakuna uvimbe."

"Tena."

Nilimsikia akivuta pumzi. Akarudia polepole, neno kwa neno, kama mwalimu anayesoma imla, akaniuliza kama nimeandika siku ya kurudi, akasema kuna mgonjwa mlangoni, na akakata.